Kubadili simu na kuhama mtandao bila kupoteza namba, hela wala meseji zako

Mama yangu ni fundi cherehani Morogoro, na mwaka jana alipohamia kwenye nyumba yake kule Mkundi akakuta laini aliyoitumia miaka zaidi ya kumi haishiki ndani, ukitaka kuongea nae mpaka atoke nje asimame pembeni ya karo, mvua ikinyesha basi humpati. Na simu yenyewe kioo kilishaanza kujibonyeza chenyewe. Tukasema tumalize vyote siku moja, simu mpya na mtandao mpya, Jumamosi mchana. Ilituchukua wiki tatu kukaa sawa na kuna vitu havijarudi mpaka leo.

Naandika huu mwongozo kwa mpangilio ambao ningetamani mtu angenipa kabla ya ile Jumamosi. Kubwa ninalotaka ulishike ni hili: simu na mtandao visibadilishwe siku moja, na simu ya zamani ndo iwe ya mwisho kuzimwa. Simu mpya yenyewe utaizoea tu ndani ya siku chache. Kazi ipo kwenye namba, maana kwetu sisi namba ndo pochi, ndo kitambulisho cha kikoba, ndo ufunguo wa WhatsApp na wa benki, ukiitikisa namba vyote vinatikisika kwa pamoja.

Mifano yangu ni ya Tanzania, nchi nyingine namba za kubonyeza na taratibu zinatofautiana.

Hatua ya 1: Pima mtandao mpya pale unapolala

Usihame kwa sababu jirani kasema mtandao fulani uko vizuri, na usihame kwa sababu ya tangazo. Azima laini ya mtu ukae nayo siku mbili tatu, weka bando dogo, piga simu ukiwa chumbani, jikoni, dukani kwako, kwenye daladala unayopanda kila siku. Pima na saa mbili tatu za usiku watu wote wakiwa wamerudi nyumbani, kwa sababu mtandao unaokimbia saa nne asubuhi unaweza ukalala kabisa usiku. Angalia pia simu ukipigiwa inaingia au mtu anaambiwa hupatikani huku wewe unaona minara imejaa, hilo linatokea sana ndani ya nyumba za bati na kuta nene.

Na kama tatizo lako ni simu ya zamani kutoshika 4G, unaweza ukakuta ukishabadili simu mtandao wako ule ule unafanya kazi vizuri na hakuna haja ya kuhama. Sababu nyingine hiyo ya kuanza na simu kwanza.

Hatua ya 2: Kagua simu kabla hela haijatoka mkononi

Ukiwa dukani, iwe Kariakoo mtaa wa Aggrey au duka la mtaani kwako, bonyeza *#06# itatokea namba ndefu ya tarakimu 15, hiyo ndo IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu yenyewe. Linganisha na iliyoandikwa kwenye boksi, zisipofanana rudisha. Halafu itume kwa meseji kwenda 15090 utajibiwa ni simu ya aina gani, ukiambiwa ni modeli nyingine tofauti na uliyoshika ondoka. Huu utaratibu uliletwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kipindi kile cha kuzima simu feki, Juni 2016, na mpaka leo watu wengi hawautumii, wanakuja kulia baadae.

Boksi nyingi siku hizi zimeandikwa RAM kubwa, yaani memori ya kuendeshea programu, kwa wino mnene, mfano 8GB, ukisoma chini kwa maandishi madogo unakuta 4+4, yaani nne ndo za kweli na nne nyingine simu inaazima kwenye nafasi ya kuhifadhia mafaili. Sio wizi lakini usilipe bei ya nane ukidhani ni nane.

Simu ya mtumba au iliyoletwa na ndugu kutoka nje, weka laini yako hapo hapo upige. Kuna simu za Marekani na kwingineko zimefungwa kwenye kampuni ya kule, zinawaka vizuri tu ila laini yako zinaikataa. Na mwambie anayekuuzia atoe akaunti yake ya Google kwanza kwenye setingi, afu ndo aifute simu mbele yako, mkiiwasha isiulize imeli ya mtu. Akiifuta bila kutoa akaunti simu inaweza kubaki inadai imeli na pasiwedi ya mwenye nayo, na mwenye nayo ukimpigia kesho hapatikani. Dai risiti ya EFD, yenye jina la duka.

Jambo la mwisho hapa, na naomba sana ulishike. Muuzaji akikwambia "ngoja nikuwashie nikuwekee kila kitu" mshukuru umwambie utaiwasha mwenyewe nyumbani. Wale vijana wana haraka, wanaruka kila swali ambalo simu inauliza, wanakufungulia Gmail mpya kwa pasiwedi wanayoijua wao, na hayo maswali wanayoyaruka ndo yale yale yanayohamisha vitu vyako.

Hatua ya 3: Hamisha vitu, laini ya zamani bado iko hai

Simu zote mbili ziwe na chaji ya kutosha, ukae sehemu yenye waifai au uombe hotspoti, na uwe na kama saa moja na nusu hivi ambayo hakuna mtu anakuita.

Anza kwa kujua Gmail iliyopo kwenye simu ya zamani. Ingia setingi, sehemu ya Google, iandike kwenye karatasi. Hujui pasiwedi? Ibadili sasa hivi ukiwa bado na simu ya zamani, kwa sababu Google anaiamini ile simu na anakutumia kodi, yaani tarakimu za kuthibitisha, kwenye ile namba. Ukisubiri mpaka simu imefutwa na laini imehama utakua unamwomba Google akuamini kwa maneno matupu.

Sasa washa simu mpya. Mwanzoni kabisa itakuuliza kama unataka kunakili vitu kutoka simu ya zamani, kubali, fuata inavyokuongoza. Hapo yanahama majina, meseji za kawaida, picha, na programu nyingi. Watu wengi wanabonyeza kuruka kwa sababu wanaogopa bando kuisha, afu wanakaa wiki nzima wanaandika majina kwa mkono. Kama ulisharuka usijali sana, simu nyingi unaweza kuifuta upya ukaanza tena, bora kupoteza dakika ishirini leo.

Majina yana mtego wake. Wazazi wetu wengi majina yako kwenye laini, na laini nyingi zinabeba majina kama 250 tu na kila jina linakatwa likiwa refu, ndo unakuta "Mama Asha Nguo za Ha" hujui ni harusi au ni Hadija. Kabla ya chochote ingia kwenye programu ya majina, hamishia yale ya kwenye laini kwenda akaunti ya Google, hesabu yalikua mangapi na yamefika mangapi. Laini ikishahama utapewa kadi mpya ambayo ni tupu kabisa. Hili nalirudia kwa sababu mama alipoteza wateja wa kushona kumi na kitu, wengine walikua wamelipa nusu na vitambaa viko ndani, hana namna ya kuwapigia waje wapime.

Meseji za kawaida nazo usizidharau. Mama analipia kiwanja kwa awamu na ushahidi wake wote ni zile meseji za kutuma hela, yule mwenye kiwanja hatoi risiti. Kama una meseji za aina hiyo, za kodi ya nyumba, ada, mahari, mkopo uliomkopesha mtu, piga skrini shoti moja moja zikae kwenye picha, na zaidi ya hapo nenda kwenye duka la kampuni uombe taarifa ya miamala ikiwa bado wewe ni mteja wao. Ukishahama ndo unaanza kuambiwa njoo kesho.

Hatua ya 4: WhatsApp, taratibu na kwa mikono yako

Hapa ndo tulipoumia. Bibi yangu mzaa mama alifariki, na mama alikua na sauti zake kwenye WhatsApp, sauti fupi fupi tu, anasalimia, anauliza mvua kule zimenyesha, anasema mlete mtoto nimuone. Kijana wa dukani aliweka WhatsApp kwenye simu mpya kwa Gmail mpya, ikauliza kama irudishe bakapu, haikuiona kwa sababu bakapu ilikua kwenye Gmail ya zamani, akaruka. Simu ya zamani jioni ile ile tukaifuta ili tumpe mpwa wangu aende nayo chuo. Gmail ya zamani ilifunguliwa na duka lingine miaka mingi nyuma, pasiwedi hakuna anayeijua. Mama hakusema kitu, aliishika tu ile simu mpya akawa anaipandisha na kuishusha orodha kama vile zitatokea.

Kwa hiyo fanya hivi. Kama simu zote ni Android, acha haraka, kaa chini. Kwenye simu ya zamani fungua WhatsApp, setingi, sehemu ya chati, utaona pa kuhamisha chati. Kwenye simu mpya weka WhatsApp, andika namba yako ile ile, kodi ya tarakimu sita itakuja kwenye laini, ingiza. Simu mpya ikikuonyesha mchoro wa QR uuskani kwa simu ya zamani, ziweke karibu karibu, waifai na Bluetooth vimewashwa, subiri. Zinaongea zenyewe kwa zenyewe kwa hiyo bando haliliwi hata kama una GB nyingi za picha, na sauti zinakuja zote.

Njia ya pili ni bakapu ya Google. Kwenye simu ya zamani nenda kwenye bakapu ya chati, angalia imeandikwa Gmail gani na mara ya mwisho ilikua lini, bonyeza ifanye sasa hivi, subiri imalize kabisa. Jua kwamba siku hizi hiyo bakapu inakula ile nafasi ya bure ya 15GB ya akaunti yako, ikijaa haiendelei na wala haikupigii kelele, kwa hiyo futa kwanza zile video za asubuhi njema. Simu mpya nayo ingia na Gmail hiyo hiyo kabla hujafungua WhatsApp.

Kutoka Android kwenda iPhone kuna programu ya Move to iOS, inahamisha na WhatsApp, ila inataka iPhone ikiwa mpya au imefutwa, ukishaanza kuitumia unaanza upya.

Kama uliwahi kuweka ile pini ya ziada ya WhatsApp na umeisahau, ibadili kwenye simu ya zamani kabla. Ukiombwa kwenye simu mpya huijui na hukuweka imeli ya kuirudishia, unasubiri siku saba.

Ukimaliza usiamini macho ya haraka. Fungua chati moja ya zamani sana, panda juu kabisa, bonyeza sauti moja uisikie inalia. Fungua picha ya mwaka juzi. Hapo ndo useme imehama.

Kaa na simu mpya hivyo, na laini ile ile ya zamani, angalau siku nne au wiki, uone kila kitu kiko sawa. Ndo uende hatua inayofuata.

Hatua ya 5: Safisha hela na madeni

Unaweza kuhama mtandao bila kubadili namba, huduma hii Tanzania ilianza tarehe 1 Machi 2017, na ndo ninayokushauri kwa sababu namba ikibadilika una kazi mara mbili. Ila kinachohama ni namba peke yake. Salio la kawaida halihami, bando halihami, hela iliyopo kwenye simu haihami, pointi hazihami.

Bando likaribie kuisha kwanza. Hela toa au peleka benki, bakiza sifuri. Kama una mkopo wa kwenye simu, iwe ni Songesha, Nivushe, salio la kukopa, chochote, lipa mpaka mwisho, ukiwa na deni kuhama kunakwama na wala hawakwambii vizuri kwanini. Kama kikoba chenu kiko kwenye mfumo wa kampuni fulani ongea na mweka hazina kabla hujafanya lolote, mama yeye alikua mweka hazina mwenyewe, wanawake kumi na wanane wanasubiri mgao na namba inayoshika hela imehamia upande mwingine. Waliishia kukutana wote wakabadilisha mweka hazina. Ilichukua siku tisa na maneno mengi.

Na kwa wazee muwaambie pia majina yamebadilika. Tigo tangu Novemba 2024 inaitwa Yas na Tigo Pesa imekua Mixx by Yas, mtu mzima anaweza kukaa anatafuta jina la zamani kwenye menyu akadhani hela yake imeondoka.

Hatua ya 6: Siku ya kuhama

Nenda siku ya kazi, asubuhi, kwenye duka kabisa la kampuni unayohamia, usiende kwa kijana wa mwamvuli barabarani. Beba kitambulisho cha NIDA au namba yake, ile ya tarakimu 20, na simu yenye laini yako ya zamani ikiwa inafanya kazi. Watakusajili kwa alama ya kidole, watakupa laini mpya, na wewe kutoka kwenye laini ya zamani unatuma neno HAMA kwenda 15080. Utapata meseji za kukuthibitishia. Laini ya zamani itaendelea kushika mpaka pale kuhama kutakapokamilika, ikipotea minara ndo uweke ile mpya. Katikati hapo usipange kutuma wala kupokea hela ya maana, na usipange safari.

Sasa kidole. Mama anashona tangu nikiwa mdogo, ncha za vidole vyake zimelainika kwa kitambaa na kuungua na pasi, mashine haikumsoma. Gumba la kulia, wapi. La kushoto, wapi. Yule wakala wa mwamvuli akawa anamwambia "mama rudia, mama bonyeza tena, mama hiki sasa" na kila mara anageuza ile simu yake upande wake. Alibonyeza zaidi ya mara kumi. Mwishoni kikakubali kidole cha pete, tukalipa tukaondoka, tumefurahi.

Wiki mbili baadae nikabonyeza *106# kwenye simu yake kuangalia tu, nikakuta kuna namba nyingine imesajiliwa kwa NIDA yake, hatuijui, ya siku ile ile. Yaani kuna kidole kilichokubali mapema na hatukuambiwa, kikasajilia laini ya mtu mwingine. Laini kama hiyo ndo inayotumika kutapelia watu, na polisi wakifuatilia jina linalotoka ni la fundi cherehani wa Mkundi. Tulikwenda duka la ile kampuni na kitambulisho, wakaifunga, lakini usingizi mama alikosa.

Kwa hiyo kabla ya kuweka kidole nawa mikono kwa sabuni, futa ikauke vizuri, kama ngozi imekauka sana paka mafuta kidogo kisha futa, mwambie wakala afute kioo cha mashine. Simama uone kioo cha simu yake. Kila anaposema rudia, muulize imeandika nini. Ukimaliza, kabla hujatoka mlangoni, bonyeza *106# mbele yake. Rudia tena baada ya siku mbili tatu. Kama wewe unampeleka mzazi, simama wewe upande wa ile simu na umwache yeye ashughulike na kidole tu.

Hatua ya 7: Laini mpya imeshika, bado hujamaliza

Intaneti ikigoma wakati minara ipo, zima simu uwashe. Ikigoma tena, piga huduma kwa wateja wakutumie setingi za intaneti, au mwambie akutajie jina la APN uliandike mwenyewe kwenye setingi za mtandao. Kwenye simu ya laini mbili hakikisha data imewekwa kwenye laini yenye bando, hili ni dogo ila limewamalizia watu salio lote kwa usiku mmoja.

Fungua huduma ya hela upya, namba ya siri mpya, usirudie ile ya mwaka wa kuzaliwa. Halafu watangazie watu, na hapa kuna kitu kinachanganya. Tumezoea kuangalia mwanzo wa namba, 0754 tunajua Voda, 0784 tunajua Airtel, 0713 tunajua Tigo ambayo sasa ni Yas. Ukihama namba inabaki na mwanzo wake wa zamani lakini pochi iko kwingine. Mtu anayekutumia hela atachagua mtandao kwa mazoea, itamkatalia, atakupigia anakwambia namba yako imefungwa. Waandikie kabisa: namba ni ile ile, ila hela nitumie kwa kuchagua mtandao fulani, jina litatokea langu, lisome kabla hujathibitisha. Tuma kwa wateja, kikoba, mwenye nyumba, watoto wanaokutumia hela ya matumizi, mwajiri kama mshahara unapitia hapo.

Benki nenda mwenyewe. Programu za benki zinajifunga kwenye simu na kwenye laini, ukibadili vyote viwili inaona kama umeibiwa na inafunga, na hilo ni jema. Beba kitambulisho na kadi, mwambie mhudumu umebadili simu na umehama mtandao, namba ni ile ile, akufungulie upya. Usingoje mpaka siku unayodaiwa ada.

Wale mlioamua kuchukua namba mpya kabisa, ya zamani msiitupe. Iweke kwenye kiswaswadu, iwe na salio kidogo, mpaka umeshabadili namba benki, Google, Facebook, shuleni kwa mtoto, hospitali, kote. Laini ikikaa bila kutumika muda mrefu inafungwa na namba anapewa mtu mwingine, kodi zako zote zinaanza kwenda kwake. Kwenye WhatsApp kuna sehemu ya kubadilisha namba, tumia hiyo ukiwa bado na laini zote mbili, chati na magrupu yatabaki.

Hatua ya 8: Tuliza simu mpya

Bando linaloisha asubuhi na hujafanya kitu, mara nyingi ni simu inaapdeti programu. Ingia Play Store iambie isiapdeti bila waifai, ingia WhatsApp iambie isishushe video yenyewe, washa kiokoa data. Yale matangazo yanayodondoka juu ya kioo kila dakika yanatoka kwenye programu zilizokuja na simu, bonyeza tangazo kwa muda mrefu itakuonyesha linatoka programu gani, zima notifikesheni zake.

Meseji za WhatsApp zikiwa zinaingia pale tu unapoifungua, sababu ni betri. Simu nyingi za bei ya kati zinaua programu ili chaji ikae, nenda setingi za betri, tafuta WhatsApp, iondoe kwenye kubanwa. Mama alikaa siku kumi anadhani wateja wamemkasirikia.

Kwa mtu mzima ongeza ukubwa wa maandishi, rudisha vile vitufe vitatu vya chini badala ya kuteleza kwa kidole, na weka lugha ya Kiswahili kama anaitaka. Mlio wa simu uwe ule aliouzoea, hilo linasaidia kuliko unavyodhani, mama alikua anasikia simu inaita hajui ni yake.

Hatua ya 9: Matapeli

Siku hizi za kuhangaika ndo unaweza kupigiwa na mtu anajiita huduma kwa wateja, anasema usajili wako haujakamilika, bonyeza hivi, nitajie kodi iliyoingia. Na kwa sababu kweli umetoka kusajili unaamini. Hakuna kodi ya kumtajia mtu kwa simu, kata, rudi dukani kwa miguu yako. Zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" pamoja na namba za hao wapigaji zipeleke 15040, ni bure na zinafungiwa.

Hatua ya 10: Simu ya zamani

Iache kabatini mwezi mzima bila kuifuta, hata kama kuna mtu anaisubiri, mpwa wako ataelewa. Ichaji kila wiki. Katika mwezi huo utakumbuka kitu ambacho hakikuhama, picha ya cheti, neno la siri ulilolihifadhi kwenye noti, namba ya mita ya Luku, utaifungua na utakikuta. Mwezi ukiisha toa memori kadi, toa akaunti ya Google kwenye setingi, ifute, iwashe uone haiulizi imeli ya mtu, ndo umkabidhi na chaja yake. Boksi la simu mpya, risiti, na karatasi yenye IMEI, Gmail na namba ya NIDA vikae bahasha moja ndani ya nyumba. Pini na pasiwedi zisikae kwenye bahasha hiyo.